Banda Liwe Mashariki: Sheria, Upepo na Jirani kwa Mfugaji wa Kuku Mtwara na Lindi

Mtu anayetaka kuanza kufuga kuku nyumbani, awe Chikongola au Shangani mjini Mtwara, Mitandi au Rahaleo mjini Lindi, huanza na swali moja: "Naruhusiwa kuku wangapi?" Swali lenyewe ni halali, ila limeanzia katikati. Idadi ni kipande kimoja tu cha sheria, na mara nyingi sicho kinachompeleka mtu ofisi ya kata. Kinachompeleka ni harufu iliyoingia chumbani kwa jirani usiku, inzi waliotua kwenye chakula cha wageni wa watu, mchicha uliochakuliwa asubuhi moja baada ya kulelewa wiki tatu, au jogoo anayewika saa tisa usiku chini ya dirisha la mzazi mwenye kichanga. Afisa afya hahesabu kuku wako kabla hajaitwa. Akishaitwa ndipo anahesabu, anapima hatua hadi mpaka, na anauliza kibali kiko wapi.

Ndiyo maana nawasihi wafugaji wa mijini kwetu wafanye mambo mawili kabla ya kununua hata kifaranga kimoja: waisome sheria ndogo ya halmashauri yao kwa macho yao wenyewe, na wasimame katikati ya kiwanja wakaangalie upepo unakokwenda. La pili linashangaza watu, lakini ndilo linaloamua kama la kwanza litakuja kukusumbua.

Sheria zinakaa wapi

Nchi hii haina sheria moja iliyoandikwa kwa ajili ya kuku wa nyumbani. Zipo sheria kadhaa, na kila moja inamshika mfugaji mahali pake. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ndiyo inayogawa ardhi ya mji kwa matumizi, na ndiyo maana hati yako imeandikwa makazi, biashara au kitu kingine. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya nguvu ya kukagua na kukuandikia notisi ya kuondoa kero. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inakutaka utoe taarifa pale maradhi ya kuambukiza yanapoingia bandani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtetea kuku mwenyewe: nafasi, maji, chakula, kutoteswa. Uchafu na kelele vinaguswa pia na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Ufugaji wa mjini si uhalifu, na haujaanza kutambuliwa jana. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilikwishaweka kipimo cha ekari tatu kwa mkulima wa mjini na ng'ombe wasiozidi wanne, tena wa kufungiwa ndani. Serikali ilikubali zamani kwamba watu wa mjini watafuga. Kilichobaki ni namna ya kufuga bila kumuumiza mwingine.

Namna hiyo inaandikwa kwenye sheria ndogo za halmashauri, na hapo ndipo penye meno. Manispaa ya Mtwara Mikindani na Manispaa ya Lindi zinatunga zake chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji, Sura ya 288. Halmashauri za wilaya na vijiji vyao wanatumia Sura ya 287. Tofauti hii ina maana kwa mtu wa pembezoni. Naliendele ina mashamba na mikorosho, Ng'apa ina mabonde ya mpunga, na mtu anaweza kuishi huko akijiona yuko kijijini kabisa, kumbe eneo limo ndani ya manispaa na sheria ndogo za manispaa zinamhusu. Kama ofisi iliyo karibu nawe inaitwa ya mtaa, wewe ni wa manispaa au mji. Kama ni ya kijiji, uliza sheria ndogo za kijiji na za wilaya.

Kuzipata usiishie kuuliza kwa mdomo. Anza kwa mtendaji wa mtaa, akuelekeze kwa mtendaji wa kata, ambako ndiko utakakompata afisa mifugo na afisa afya wa kata. Omba sheria ndogo mbili, si moja: ile inayohusu mifugo mjini na ile ya usafi wa mazingira, maana jambo la harufu na kinyesi mara nyingi limo katika ya pili. Kama unakusudia kuuza mayai au kuku, omba na ya ada na ushuru. Kata ikikosa nakala, panda hadi kitengo cha sheria cha halmashauri. Andika jina kamili, mwaka, na namba ya Tangazo la Serikali. Sheria ndogo hupitishwa na baraza la madiwani, huidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Karatasi isiyo na namba ya tangazo inaweza kuwa rasimu tu, au azimio la kikao. Tena tazama kama kuna kifungu kinachofuta sheria ya zamani, kwa sababu watu wawili wanaweza kubishana kila mmoja ameshika karatasi ya kweli, na mmoja wao ameshika iliyokwisha kufa.

Ukishaipata, usikimbilie idadi. Fungua kifungu cha tafsiri. Ndipo utakapoona kama neno "mifugo" kwenye sheria hiyo linajumuisha kuku au linasimama kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Neno hilo moja linabadilisha kila kifungu kinachofuata. Baada ya hapo tafuta: idadi isiyohitaji kibali na inayohitaji, umbali wa banda hadi mpaka, hadi nyumba ya kulala na hadi kisima, kama kuku wanaruhusiwa kutoka nje ya ua, kibali kinadumu muda gani, na adhabu. Sheria ndogo nyingi zina kifungu cha kufifilisha kosa, yaani mkosaji anakiri kwa maandishi na kulipa bila kufikishwa mahakamani. Kifahamu kabla hujaambiwa. Na malipo yoyote, ya kibali au ya faini, yalipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali na upewe risiti. Hela ya mkononi si kibali.

Banda la miti na wavu linaloweza kuhamishwa halitazamwi sawa na la matofali lenye msingi. Jengo la kudumu linaingia kwenye suala la kibali cha ujenzi, hivyo afisa mipango miji aulizwe kabla ya tofali la kwanza. Mpangaji naye, hasa wa nyumba yenye uwanja wa pamoja, anahitaji ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Kibali cha halmashauri hakimzuii mwenye nyumba kukuambia utoe kuku wako.

Upepo

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa, na kila mvuvi wa Mikindani anazijua kuliko mfugaji anavyozijua. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, ikitoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, ikitoka kaskazini-mashariki. Mchana wa jua, upepo wa baharini huongezea nguvu kutoka upande wa bahari.

Sasa chora kiwanja chako kwenye karatasi na uweke banda. Wakati wa kusi harufu itakwenda kaskazini na magharibi. Wakati wa kaskazi itakwenda kusini na magharibi. Jirani wa kaskazini anapata nusu ya mwaka ya kupumua, wa kusini vilevile. Wa magharibi hapumziki. Ukiweka banda kwenye ukuta wa magharibi wa kiwanja chako, umemwekea mtu mwingine harufu ya mwaka mzima, na wewe mwenyewe, uliye upande upepo unakotoka, hutaisikia. Utamwona jirani mkorofi, mwenye husuda na maendeleo yako, kumbe anasema kweli.

Kwa hiyo banda liwe upande wa mashariki wa kiwanja, nyumba yako ikiwa magharibi yake. Hapo pua ya kwanza kupata habari ni yako. Matandazo, yaani pumba au maranda ya sakafuni, yakianza kuharibika utajua wewe kabla ya mtaa, na utayashughulikia kwa sababu yanakukera wewe. Hakuna kifungu cha sheria ndogo kitakachokusimamia hivyo.

Lipo la kuangalia. Usiku wa manane hadi alfajiri hewa hugeuka, ule upepo uitwao umande ukavuma polepole kutoka nchi kavu kwenda baharini, na jirani wa mashariki anaweza kupata kidogo. Usibandike banda kwenye mpaka wake basi. Acha angalau mita 3, zaidi kama sheria ndogo inataka zaidi, na ukuta wa upande huo uwe mzima, bila wavu. Lindi, ambako mji unapanda kutoka ufukweni kwenda mlimani, ongeza hesabu ya maji: mvua ikinyesha, kinachotoka bandani kwa jirani wa juu kinafika uani kwa jirani wa chini. Chimba mtaro mdogo upande wa juu wa banda ili maji ya mlimani yapite pembeni, na upande wa chini weka shimo la kunyonya lenye kokoto au ukanda wa majani.

Kabla ya kuchimba, mwendee jirani. Si kumwomba ruhusa ambayo hana mamlaka ya kuitoa, ni kumheshimu. "Shikamoo bibi. Nakusudia kuweka banda la kuku pale. Nimekuja unioneshe dirisha unalolala, na kisima chako kiko wapi." Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kulisogeza banda mita nne, na mita nne zinatosha kuzima ugomvi wa miaka. Kuhusu kisima: udongo wetu wa pwani ni mchanga na maji hupenya haraka. Kipimo cha mita 30 kinachotumika kati ya choo na chanzo cha maji ndicho pia cha kutumia kwa shimo la mbolea.

Banda lenyewe

Mfano wa kiwanja cha ujazo wa juu, yaani kidogo cha eneo lenye nyumba nyingi, tuseme mita 20 kwa 20. Toa nyumba, jiko la nje, choo na shimo lake, mahali pa kuanikia, njia. Kinachobaki upande wa mashariki kinabeba banda la mita 2 kwa 3 bila kubana mtu. Hizo ni mita 6 za mraba. Kuku wa kienyeji na chotara wanataka mita moja ya mraba kwa kila kuku wanne, hivyo banda hilo linabeba 24 kwa hesabu ya karatasi. Mimi ningesimama kwenye 18 au 20. Joto letu, nyuzi 30 na zaidi mchana wa Desemba, linataka nafasi kuliko vitabu vya nchi baridi vinavyosema, na kuku waliobanana ndio wanaoanza kudonoana na kulowesha chini.

Banda lielekezwe urefu wake mashariki hadi magharibi. Jua la asubuhi na la jioni litapiga kuta fupi, na kusi itapita ndani kwa upana. Kuta ndefu ziwe imara hadi sentimita 60 kutoka chini, juu yake wavu. Wavu mwembamba wa kuku wenye matundu makubwa unamzuia kuku kutoka, haumzuii panya wala kicheche kuingia, kwa hiyo tumia wa nusu inchi angalau mita ya kwanza. Chini uuzike sentimita 30 ukiukunja kuelekea nje, mnyama akichimba akutane nao. Upande wa kaskazini andaa pazia la viroba vilivyoshonwa, kwa kuwa mvua zetu za Desemba hadi Aprili mara nyingi huja na kaskazi, na mvua ya upande ikiingia siku mbili mfululizo umepoteza matandazo yote. Pazia lifungwe chini na kuteremshwa kutoka juu au kinyume chake, ilimradi sehemu ya juu ya ukuta ibaki wazi hewa ya moto itoke.

Nguzo zisiwe za mikoko. Najua boriti ya mkoko inadumu na babu zetu walijengea, lakini misitu ya mikoko ni hifadhi na kuikata bila kibali ni kosa jingine kabisa juu ya hilo la kuku. Mianzi iliyokomaa au mikaratusi inatosha. Paa la makuti ni baridi na ni rahisi, ila ndani yake papasi, utitiri na panya wanapata nyumba, na dawa haifiki. Bati lenye mteremko, upande wa juu mita 2.4 na wa chini mita 2, likining'inia nusu mita nje ya ukuta, chini ya kivuli cha mwembe, linashinda. Sakafu ya zege ya sentimita 5, ikiinama kidogo kuelekea mlangoni, inasafishika. Ya udongo inanyonya unyevu wa kinyesi na maji na kurudisha harufu kila mvua ikinyesha.

Viota, kimoja kwa kuku wanne au watano, sentimita 30 kwa 30. Fito za kulalia, sentimita 20 kwa kila kuku. Hayo hayana ugomvi.

Kuku hawanuki, maji ndiyo yananuka

Kuku mzima hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 hivi kwa siku, au zaidi kidogo. Kuku 20 ni kilo 2 kwa siku, kilo 60 kwa mwezi, zaidi ya kiroba kimoja cha kilo 50. Kikiwa kikavu hakina shida kubwa. Kikilowa, vijidudu hukivunja na kutoa amonia, ile hewa inayochoma macho, na inzi hutaga humo. Katika joto letu yai la inzi linaweza kuwa inzi mzima ndani ya siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kusafisha mara moja kwa mwezi hakumsaidii mtu: vizazi vitatu vya inzi vimekwisha kuruka kwenda kwa jirani. Kinyesi kilicho chini ya fito za kulalia, ambako ndiko kinakojaa kuliko kote, kiondolewe mara mbili kwa wiki bila kukosa.

Matandazo yawe pumba za mpunga au maranda, unene wa sentimita 8 hadi 10. Pumba zinapatikana kwenye mashine za kukoboa, mara nyingine ni kubeba tu. Maganda ya korosho yapo mengi kwetu na mtu hushawishika kuyatumia. Yasitumike. Yana mafuta makali yanayobabua ngozi, yatawaumiza kuku miguu na wewe mikono, na kuyachoma kama kuni za kupashia vifaranga joto ni kuwaletea moshi unaowasha mapafu.

Kipimo hakihitaji mashine. Chota matandazo kiganjani karibu na chombo cha maji, yaminye, fungua mkono. Yakibaki donge, yamelowa kupita kiasi. Yakishikana kidogo kisha yakaachana, ni mazuri. Yakipeperuka kama vumbi, yamekauka mno na yataleta kikohozi. Kipimo cha pili: chuchumaa hadi pua yako iwe kimo cha kuku, ukae dakika moja. Macho yakiwasha, kuku wako wanaishi humo usiku kucha.

Chanzo karibu kila mara ni chombo cha maji. Kuku 20 wanakunywa lita 4 hadi 6 kwa siku, zaidi wakati wa joto, na chombo kilichowekwa chini sakafuni humwaga nusu lita kila siku bila mtu kuona. Kiinue hadi ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku, kikae juu ya sahani pana iliyofunikwa wavu, ili kinachomwagika kisifike kwenye pumba. Paliposhikana mabonge, yatoe yote kwa koleo, usiyageuze tu, kisha rudishia pumba kavu.

Hapa kuna kosa linalofanywa na watu wengi tena kwa nia njema: harufu ikizidi wananyunyiza chokaa au majivu juu ya matandazo mabichi. Vitu hivyo viwili vina tabia ya magadi, na magadi yanaifukuza amonia itoke haraka zaidi. Jioni ile ile uliyomwaga chokaa ndiyo jioni jirani atakayokuja kugonga mlango. Chokaa ina kazi yake kwenye sakafu tupu, iliyokwisha kusafishwa na kukauka, kabla ya kutandaza upya. Kwenye kinyesi kibichi dawa ni kuondoa na kukausha.

Kinachotolewa kiende kwenye shimo au kizimba cha mboji, si kwenye kona ya ua. Tandaza tabaka la majani makavu, tabaka la mbolea, majani tena mengi kuliko mbolea, na juu ya vyote funika kwa majani au udongo ili inzi asifike. Pindua kila wiki. Baada ya miezi miwili hadi mitatu inakuwa nyeusi, inanukia udongo, na tuta la mchicha au matembele linaipokea. Mbichi itaunguza mizizi. Kiroba kimoja cha mboji hiyo kwa jirani mwenye bustani kinafanya kazi ambayo mwanasheria haiwezi. Matumbo ya samaki, tafadhali, yasiingie bandani wala kwenye mboji.

Jogoo, na kuku wa kuzurura

Tetea hutaga bila jogoo. Anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula na kuuza hamhitaji, na akiondoka jogoo, umeondoka ushahidi mkubwa wa kero ya kelele. Anayetaka kutotolesha amweke mmoja kwa matetea kumi hivi, na usiku amlaze kwenye chumba cha giza kilicho mbali na madirisha, kisichopenya mwanga wa taa ya barabarani. Jogoo wa pili na wa tatu huongeza kuwika kwa kujibizana. Wauze wakifika miezi minne.

Kuhusu kuwaachia wazurure, msimamo wangu hauna pembe: kwenye kata zilizopimwa na kujengwa, wakati huo umepita. Najua ni desturi, na najua kuku aliyechakua mwenyewe ana ladha yake. Lakini kuku hasomi mpaka, na mchicha wa jirani ni chakula cha watoto wake au nauli yake ya kesho. Ukitaka watoke, waachie saa kumi jioni hadi machweo ndani ya ua wenye uzio wa mita 1.8, na wakate manyoya kumi marefu ya bawa moja tu ili wakiruka wayumbe. Bawa moja, si mawili, na wakate tena wakishanyonyoka na kuota mapya. Kuwalaza jikoni au sebuleni kwa kuogopa wezi nako kuache: kinyesi cha kuku kina vimelea vya kuharisha, na mtoto anayetambaa hapo ndiye atakayevipata. Kufuli nzuri na taa ni rahisi kuliko hospitali.

Mdondo

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, na mfugaji aichukue kauli hiyo ilivyo. Kila kuku anayeingia kutoka mnadani au kwa ndugu wa Tandahimba akae peke yake wiki mbili hadi nne, mbali na wenzake, chombo chake cha maji kikiwa chake. Mdondo, ugonjwa wa kuku ambao wengine wanauita kideri, huingia hivyo, na ukiingia mtaani unafagia mabanda yote kwa wiki moja.

Chanjo yake iitwayo I-2 hutolewa tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima na vifaranga kipimo kile kile. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za kuku lakini jua inaiua, hivyo ibebwe kivulini na isilazwe dirishani. Kuku anayeumwa tayari haponi kwa chanjo. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ndiyo sababu bora ya kupanga siku moja na majirani, mkachangia, afisa mifugo akapita nyumba kwa nyumba. Mjini ukichanja peke yako umejizungushia moto. Kwa vifaranga wa mayai au chotara, utaratibu unaofuatwa sana ni chanjo ya mdondo siku ya 7 na 21, ya ugonjwa wa gumboro siku ya 14 na 28, na ya ndui ya kuku kwenye wiki ya sita hadi ya nane kwa kuchoma ngozi ya bawa.

Vifo vikizidi ghafla, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Mtwara kuna kituo cha maabara ya mifugo cha kanda, na mzoga mbichi uliohifadhiwa kwenye barafu unaweza kupimwa. Mizoga mingine ichomwe au ifukiwe shimo la mita moja na zaidi. Usiitupe baharini, usiitupe kwenye mikoko, na usiuze kuku wa kundi linalokufa ili kuokoa hela: hapo umehamisha msiba kwa mwenzio, na sheria ya magonjwa inakuona.

Ukiitwa

Malalamiko huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na mengi yanaweza kuishia hapo. Nenda. Usitume mtoto. Msikilize mlalamikaji hadi mwisho na umuulize saa na siku anazosikia harufu, kwa kuwa jibu hilo linakuambia ni upepo gani na kona ipi ya banda. Mkikubaliana, iandikwe: kutoa kinyesi Jumatatu na Alhamisi, kuhamisha chombo cha maji, kumwondoa jogoo kabla ya tarehe fulani. Nakala moja yako, moja ya jirani, moja ya mtaa.

Afisa afya akikuandikia notisi, soma mambo matatu: kifungu alichotaja, kero aliyoitaja, na muda aliokupa. Fanya yaliyoandikwa, na siku ya mwisho isikukute. Rudi ofisini siku mbili kabla, na daftari lako la chanjo na usafi, uombe ukaguzi wa pili kwa maandishi. Muda ukiwa mfupi mno, kwa mfano unatakiwa kumwaga sakafu ya zege kwa siku tatu katikati ya masika, omba nyongeza kwa barua ukieleza kazi iliyokwisha kufanyika na iliyobaki. Notisi iliyopuuzwa hupelekwa mahakamani, na pale haulizwi tena kama banda lilinuka, unaulizwa kwa nini hukutii.

Ukaguzi wa pili uombe ufanyike mchana, upepo wa baharini ukiwa umeshika, na msimame na afisa na jirani upande wa magharibi wa banda, mita chache kutoka ukutani.